Uledi Anarudi Kutoka Bomani

Je, wewe unayesoma, mtu wa nyumbani kwako akirudi kutoka gerezani, utampa nini kwanza? Maji ya kuoga? Chakula cha moto? Mkeka wa kukalia? Fikiri kidogo kabla hujajibu. Mama Chausiku wa Rumonge alimpa mwanawe vyote hivyo, tena kwa moyo mweupe kabisa. Na bado alikosea.

Mambo haya yalikuwa zamani, wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani. Mama Chausiku alikuwa mjane. Aliishi karibu na ziwa pamoja na watoto wake wawili, Uledi na Wema. Asubuhi Wema alikwenda ufukweni kupokea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kutoka kwa wavuvi. Yeye na mama yake waliwaanika juu ya mchanga, wakawageuza kwa ufagio, wakawafukuza kunguru. Mchana walipika. Nyumba yao ilinuka samaki, moshi na mawese, na wao waliona ni harufu nzuri.

Uledi alikuwa mpanda michikichi. Kazi hiyo aliifanya kwa Mzee Shafii, mwenye shamba upande wa Kigwena. Hakuna aliyepanda kama Uledi. Alizungusha kamba kiunoni na kwenye shina, akapanda huku anaimba. Kabla hujamaliza kumenya ndizi, mkungu wa chikichi ulikuwa chini. Puu!

Lakini Uledi alitamani mambo makubwa. Aliwaona wafanyabiashara wa Ujiji na kanzu zao nyeupe na vilemba vyao vya hariri. Akataka naye avae hivyo. Siku moja alichukua mitungi ya mawese katika ghala ya Mzee Shafii, akawauzia wapita njia. Alipotoka na kanzu mpya, watu wote waliuliza, "Mpanda michikichi amepata wapi kanzu ile?" Shafii hakuuliza. Alikwenda kushitaki Bomani, kwenye ngome ya Wadachi, mbali kule kaskazini, mwisho wa ziwa.

Askari wakaja. Uledi akafungwa. Misimu miwili ya mvua ikapita.

Halafu, siku moja alasiri, Wema alikuwa anageuza ndagala. Akaona mtu mwembamba amesimama kando ya njia. Haingii, hasemi hodi.

"Wee, unatafuta nani?" Wema akauliza.

"Ninangoja uniambie niingie," mtu yule akajibu.

Wema akatupa ufagio. "Mama! Mama wee! Ni Uledi!"

Siku hiyo palikuwa na vigelegele. Mama Chausiku alichinja kuku. Akatoa mkeka mpya, ule wenye mistari myekundu, ambao hata wageni wa sikukuu hawakuwahi kuukalia. Akamkalisha mwanawe.

"Kaa hapo, mwanangu. Usiinuke. Taabu imekwisha."

Akamvuta Wema nyuma ya nyumba. "Sikia vizuri. Mutu asitaje Boma mu nyumba hii. Asitaje munyororo, asitaje Shafii. Na kaka yako asiguse kazi. Kazi aliyofanya kule inatosha."

"Hata kuni, Mama?"

"Hata kijiti kimoja!"

Basi Uledi akakaa mkekani. Siku ya kwanza akakaa. Siku ya pili akakaa. Majirani wakaja kumwona. Waliingia polepole, wakaketi, wakakunja mikono.

"Pole sana, Uledi."

"Nimepoa."

"Ni mapenzi ya Mungu."

"Ndiyo."

Kisha wakanyamaza wote, wakatazama chini, wakaondoka kwa heshima. Wengine wakaja na unga, kama watu wanaopeleka chakula kwa waliofiwa.

Wema akashindwa kuvumilia. "Mama, tunamzika nani hapa? Marehemu mwenyewe amekaa, anakula!"

"Funga kinywa chako!" Mama Chausiku akasema.

Lakini hata yeye aliona mambo ya ajabu. Mtu akiingia, Uledi alisimama wima, mikono ubavuni. Akitaka kwenda chooni, aliomba ruhusa. Chakula kikiwekwa, wote walitia mikono katika sahani, yeye alingoja.

"Mbona huli?" mama akauliza.

"Bado hamujaniambia."

"Kula basi, mwanangu! Unataka ugali huu ao nikupikie kitu kingine?"

"Lolote mutakalosema, Mama."

Kila alipoulizwa anataka nini, jibu lilikuwa lilelile. Lolote mutakalosema. Na kila siku sauti yake ilipungua.

Ufukweni palikuwa na jahazi dogo la wafanyabiashara, linapakia mawese na samaki wakavu kwenda Ujiji. Uledi alikaa mkekani akilitazama tu. Siku moja alimwambia Wema, "Wanatafuta watu wa kupiga makasia. Wakiondoka, nitakwenda nao."

"Na utarudi lini?"

"Kule hakuna anayenijua. Hapa mimi ni mutu wa mukekani."

Wema alimwambia mama yake. Mama Chausiku akakaa chini palepale, karibu na ndagala. Alimngoja mtoto huyu kwa misimu miwili. Sasa amempata, na atampoteza tena. Tena safari hii hakuna askari. Atakwenda kwa miguu yake.

"Ni kwa sababu ya Shafii," akasema. "Anaona haya kukutana naye. Tukipatanishwa na Shafii, mutoto atabaki."

Akamwita kaka yake, Asmani, mchongaji wa mitumbwi. Wewe unajua jinsi sisi watu wa pwani ya ziwa tulivyo. Jambo kubwa hatulisemi wenyewe. Tunatuma wajumbe. Kwa posa tunatuma wajumbe, kwa talaka tunatuma wajumbe, na kwa ugomvi wa mbuzi vilevile. Kwa hiyo Asmani alivaa kanzu safi, akachukua rafiki yake mmoja mwenye ndevu nyeupe, wakabeba kuku mzuri na kibuyu cha mawese, wakaenda kwa Shafii.

Mzee Shafii aliwaona kutoka mbali. Kanzu safi. Ndevu nyeupe. Kuku. Akageuka, akamwangalia binti yake, Batuli, aliyekuwa anatwanga. Uso wake ukabadilika.

"Hodi, Mzee Shafii! Amahoro!"

"Amahoro. Karibuni. Huyo kuku ni wa nini?"

Asmani akakohoa, kama wajumbe wanavyokohoa. "Tumetoka kwa dada yangu, Chausiku. Tumekuja kwa ajili ya kijana wetu Uledi..."

Shafii akaruka. "Yaani, amekula mawese yangu, sasa anataka na binti yangu!"

Batuli akaacha mchi. "Nani? Uledi? Baba, mimi sikatai kabla sijasikia!"

"Ingia ndani!"

"Hapana, hapana!" Asmani akapiga kelele. "Si posa! Tumekuja kuomba musamaha!"

Hata kuku alinyamaza. Shafii akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza polepole:

"Alipokuja kuiba mafuta yangu, alituma wajumbe?"

Asmani akamshusha kuku chini.

"Alikuja kwa miguu yake. Alibeba kwa mikono yake. Sasa pa kusema pole, miguu imekufa? Chukueni kuku wenu."

Wakarudi. Njiani kuku akawaponyoka, akaingia katika msitu, na rafiki wa Asmani akapasua kanzu yake akimfukuza. Hawakumpata.

Jirani mmoja aliwaona wakirudi hivyo. Aliitwa Esha. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa. Zamani mume wake alikuwa askari Bomani, na yeye Esha alikuwa mpishi wa wafungwa. Baada ya mume kufa, alikuja kukaa Rumonge na kuuza maandazi. Aliposikia habari ya kuku na binti, alicheka mpaka akashika mti.

"Cheka, jirani," Mama Chausiku akasema. "Mimi ninalia."

Esha akafuta macho, akakaa karibu naye. "Nisamehe. Sasa sikia, nami nikwambie ninalolijua. Nimewapikia wafungwa miaka mingi. Nimewaona wanaingia, nimewaona wanatoka. Wengine niliwaona wanaingia tena. Unajua kule wanaishi namna gani?"

"Wanapigwa."

"Kiboko kiko. Munyororo uko, shingoni, mutu na mwenzake na mwenzake. Lakini kuna jambo lingine. Asubuhi wanaambiwa: simama. Wanasimama. Beba mawe. Wanabeba. Kula. Wanakula. Lala. Wanalala. Mutu hachagui hata upande wa kulalia. Akikaa hivyo muda mrefu, anasahau kutaka kitu. Kinywa chake kinangoja amri."

Mama Chausiku akakumbuka. Lolote mutakalosema.

"Na wewe umemufanya nini?" Esha akaendelea. "Umemwambia: kaa hapo, usiinuke. Umemupa mukeka muzuri, ndiyo. Lakini ni amri ileile, na kuku juu yake!"

"Mimi nilitaka apumzike!"

"Apumzike siku mbili. Siku ya tatu mutu mwenye afya anataka kuwa na faida. Sikia tena. Zamani kule Bomani wafungwa walibeba mawe tu. Wakabeba kutoka hapa mpaka pale, kesho wakarudisha kutoka pale mpaka hapa. Walipotoka hawakujua lolote jipya, ila hasira. Wengi walirudi. Baadaye akaja mukubwa mwingine. Huyo alileta fundi seremala, akasema wafungwa wajifunze kupasua mbao na kutengeneza mitumbwi. Wakati wa kula na wa kazi ya mikono, munyororo ukafunguliwa. Mimi mwenyewe niliogopa. Nilisema, wataniibia sufuria! Haikupotea hata moja. Na waliojifunza kazi, wakarudi kwa watu waliowapokea vizuri, sikuwaona tena."

"Kuwapokea vizuri ni namna gani? Nifundishe."

"Kwanza, ondoa ule mukeka. Pili, mutume kama unavyomutuma Wema, tena mugombeze akikosea. Tatu, muulize shauri lake, na ukimuuliza ungoje jibu, hata likichelewa. Nne, taja Boma. Musilifiche kama maiti chini ya kitanda. Mutu aliyetumikia kifungo chake amemaliza, azungumze. Na kwa Shafii, hapo Shafii amesema kweli. Aende mwenyewe. Boma lilimufunga Uledi, lakini Shafii alipata nini? Mafuta hakupata. Neno hakupata."

"Na watu wakisema ataiba tena?"

"Musimupe ghala siku ya kwanza. Mupeni kidogo, muone. Halafu kikubwa zaidi. Hata mutoto anayejifunza kutembea hatumuachi ziwani."

Mama Chausiku alirudi nyumbani mbio. Akasimama mbele ya mwanawe. Hakujua aanze vipi, basi akaanza kwa kelele.

"Uledi! Inuka, nataka mukeka wangu! Lete kuni!"

Uledi akaruka juu, mikono ubavuni. "Ndiyo, Bwana!"

Wema akaanguka chini kwa kicheko. "Mama, wewe ni Bwana! Ota ndevu sasa!"

Uledi akawatazama. Kwanza hakuelewa. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kidogo, halafu sana, mpaka akaketi mchangani, na mama yake naye akacheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu arudi.

Alileta kuni. Zilikuwa mbichi. Mama yake akamgombeza vizuri sana, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Esha. Uledi akafurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Jioni mama yake akauliza, "Ile mbao ya mulango imepinda. Wewe unaonaje?" Kisha akangoja. Alitaka kumjibia, akauma midomo, akangoja tena.

"Haikupinda mbao," Uledi akasema mwishowe. "Imepinda nguzo. Tukiichimba upya, mulango utakaa sawa."

"Umejua wapi mambo hayo?"

Uledi akamtazama mama yake. "Bomani."

"Haya, tuelezee Boma lako. Tunasikiliza."

Basi akaeleza. Akaeleza mnyororo, na namna walivyokanyaga wote pamoja ili mtu asivutwe shingo. Akaeleza fundi seremala, mzee mkali aliyekuwa akinusa mbao kabla ya kuzikata. Akaeleza mtumbwi wa kwanza aliouziba yeye, ambao uliingiza maji, na fundi akamkalisha ndani yake mpaka ulipozama. Wema akauliza maswali mengi. Mama Chausiku akasikiliza na kuchambua ndagala.

Asubuhi Uledi akasema, "Ninakwenda Kigwena."

"Nikutafutie mutu wa kukusindikiza?" mama akauliza. Kisha akajishika kinywa. "Nenda, mwanangu. Njia unaijua."

Mzee Shafii alikuwa uani, ameinama juu ya mtumbwi mkuukuu. Mtumbwi ule haukwenda tena ziwani. Ulikuwa wa kukanyagia chikichi. Watu walipika chikichi, wakazimwaga ndani ya mtumbwi, wakazikanyaga kwa miguu, wakatia maji, na mafuta yakaelea juu. Lakini mtumbwi wa Shafii ulikuwa umepasuka chini. Alikuwa anauziba kwa udongo, na udongo ulikuwa unatoka.

"Hodi, Mzee Shafii."

Shafii hakuinuka. "Wajumbe wako wapi leo?"

"Nimekuja peke yangu."

"Sema."

Uledi alikuwa amefikiri maneno mengi njiani. Yote yakamkimbia. Akasema yaliyobaki.

"Ni mimi niliyechukua mafuta yako. Ulinipa kazi, ukaniacha karibu na ghala bila kunichunga. Nikakuibia. Nilitaka kanzu. Nimekukosea, Mzee Shafii. Mafuta ya kurudisha sina. Kazi ninayo. Mutumbwi huu ninaweza kuutengeneza."

Shafii akafuta udongo mikononi. "Umepata wapi ufundi?"

"Bomani."

"Hm. Na ukiuharibu?"

"Utakuwa umepasuka. Na sasa umepasuka."

Batuli akacheka nyuma ya mlango. Shafii akamkemea, lakini si kwa nguvu.

"Haya. Jaribu. Mimi nitakaa hapa ninakuangalia."

"Ukae. Ni haki yako."

Uledi alikwenda kwa mjomba wake kuazima tezo ya kuchongea mitumbwi. Asmani aliipenda tezo yake kuliko mkono wake wa kulia. Aliishika, akaitazama, akamtazama mpwa wake.

"Mujomba, nitairudisha leo kabla ya magharibi."

"Ukichelewa, nitatuma wajumbe," Asmani akasema, akampa.

Uledi akachonga kipande cha mti mgumu, akakinusa kwanza, Batuli akacheka tena. Akakata sehemu iliyooza. Akakipachika kipande kipya, akakifunga kwa vijiti, akaziba mapengo kwa nyuzi za mchikichi. Jasho lilimtiririka. Shafii alikaa kwenye kigoda, mara anatazama, mara anatoa shauri ambalo hakuombwa.

"Ile pembe bado."

"Nimeiona, Mzee."

"Mimi ninasema tu."

Kabla ya magharibi tezo ilirudi kwa Asmani. Kesho yake Uledi akaendelea. Siku hiyo jahazi la Ujiji likapiga baragumu ufukweni. Watu wakaacha kazi, wakatazama. Matanga yakapanda. Mama Chausiku alisimama kwenye mchanga wake, ufagio mkononi, akatafuta mgongo wa mwanawe kati ya wapiga makasia. Hakumwona. Akakimbia mpaka Kigwena bila viatu. Alipofika, Uledi alikuwa amelala chini ya mtumbwi, miguu peke yake inaonekana nje.

"Uledi! Jahazi limekwenda!"

"Ndiyo, Mama, nimesikia," miguu ikajibu. "Nipe kile kijiti kilicho karibu nawe."

Siku ya kukanyaga, watu wengi walikuja. Wema alikuja, Asmani alikuja, na Esha alileta maandazi. Chikichi nyekundu, zenye moto kidogo, zikamwagwa katika mtumbwi. Watu wakaingia kwa mstari, kila mtu akashika mabega ya mwenzake. Mwanzo walikanyagana.

"Wee Asmani, hicho ni kidole changu!" Esha akalia.

"Samahani, nilidhani ni chikichi!"

Uledi akaingia mbele. "Nifuateni. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Kule tulikwenda hivi, watu kumi kama mutu mumoja."

Akaanza wimbo, wakaitikia. Mtumbwi ukatikisika, mafuta yakapanda mpaka vifundo vya miguu, mekundu, yanang'aa. Mzee Shafii alizunguka mtumbwi, ameinama, mkono chini. Akapapasa pale palipokuwa pamepasuka. Akautazama mkono wake. Ulikuwa mkavu.

Watu wakadhani atatoa shauri jingine. Akavua viatu, akakunja kanzu mpaka magoti, akapanda ndani ya mtumbwi, akashika mabega ya Uledi kutoka nyuma.

"Uledi," akasema, na wimbo ukapungua ili wasikie. "Siku ile nilipokwenda Bomani, mimi sikutaka ufungwe shingo. Askari wakanichukulia mutu wangu wa kazi, nikarudi peke yangu, nikaona haya kusema. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka uje, unitazame machoni, uniambie: Shafii, nimekukosea. Basi. Hilo tu ndilo nililolitaka."